Mama alitapeliwa kwenye mashine ya bitcoin Marekani: je, sheria ya jimbo itamrudishia pesa zake?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye hapa Marekani. Wiki iliyopita alipigiwa simu na mtu aliyesema anatoka kitengo cha usalama cha benki yake. Akaambiwa akaunti imeingiliwa na wezi, atoe pesa haraka azihamishie mahali salama, na asimwambie mtu. Kwa siku mbili alitoa dola 8,500 akazitumbukiza kwenye mashine ya bitcoin iliyo kituo cha mafuta, huku yule mtu akimwelekeza kwenye simu. Kampuni ya mashine inasema muamala ukishakwenda haurudi. Lakini mama mmoja wa kanisani kwetu ana ndugu katika jimbo jingine, naye alirudishiwa zote. Je, ni kweli sheria hutofautiana kwa kila jimbo? Na kwa nini serikali inaziacha mashine hizi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole sana, na unifikishie pole kwa mama.

Ndiyo, sheria hutofautiana, na tofauti yenyewe si ndogo. Utapeli uleule, kwa maneno yaleyale na kiasi kilekile, katika jimbo moja humpa mzee haki ya kurudishiwa kila senti, na ukivuka mpaka humwacha mikono mitupu. Hukunitajia jimbo lenu, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yalivyo kwa mapana, nawe utaona mmesimama wapi. Ila kwanza tuongee kuhusu muda. Baadhi ya sheria hizi zinampa mhanga siku 14 tu za kulalamika, na ninyi mmeshatumia wiki nzima.

Kwa hiyo leo hii, tafuta risiti zote. Kama mama alizitupa, angalia ujumbe mfupi kwenye simu yake, maana mashine nyingi humtumia mteja taarifa ya muamala. Mnachohitaji ni tarehe na saa, mahali mashine ilipo, jina la kampuni inayoiendesha, kiasi alichoweka, namba ya muamala, na ile anwani ndefu ya herufi na tarakimu ambako bitcoin zilipelekwa. Msifute namba za wale matapeli wala ujumbe wao. Kisha nendeni polisi, na msiondoke bila namba ya ripoti. Najua askari wa zamu anaweza kuwaambia hakuna la kufanya. Ombeni ripoti hata hivyo, kwa heshima, na msichoke. Sheria za majimbo yanayorudisha pesa humtaka mhanga awe ameripoti kwa polisi au kwa chombo kingine cha serikali, na bila karatasi hiyo kampuni itakuwa na sababu ya kuwakatalia.

Siku hiyohiyo iandikieni kampuni. Kupiga simu peke yake hakutoshi, kwa sababu simu haiachi ushahidi mkononi mwenu. Andikeni barua pepe, elezeni kwamba mama alifanya muamala kwa kulaghaiwa, tajeni namba za miamala, ambatanisheni ripoti ya polisi, na mdai pesa zote pamoja na ada. Baada ya hapo pelekeni malalamiko sehemu nne: kwa FBI kupitia kituo chake cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiitwacho IC3, kwa FTC ambayo ni tume ya serikali kuu inayolinda walaji, kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lenu, na kwa idara ya jimbo inayosimamia mabenki na taasisi za fedha. Hiyo ya mwisho watu wengi huisahau, nami naiona ndiyo yenye meno zaidi. Nitaeleza sababu.

Na kuna jambo moja msilifanye. Katika siku zijazo atatokea mtu mwenye lugha tamu, atajiita wakili au mpelelezi wa sarafu za kidijitali, atasema amezipata bitcoin za mama na anahitaji ada kidogo ili azirudishe. Msimpe hata dola moja. Matapeli huuziana majina ya watu waliokwisha kuumizwa, na huyo mwokozi mara nyingi ni kundi lilelile limebadilisha sauti.

Sasa tuje kwenye sheria.

Mashine hizi hazifanani na ATM ya benki zaidi ya umbo lake. ATM inakupa pesa zako zilizo kwenye akaunti yako. Mashine ya bitcoin inapokea noti, inatoza ada, kisha inapeleka bitcoin kwenye anwani yoyote utakayoionyesha. Tapeli humtumia mzee msimbo wa QR kwenye simu na kumwambia hiyo ndiyo akaunti yake mpya salama. Mzee anaweka simu mbele ya kamera ya mashine, na tangu dakika hiyo anwani inayopokea ni ya tapeli. Muamala wa bitcoin ukishathibitishwa kwenye mtandao, hakuna meneja wa kuupigia simu aubatilishe. Kwa maana hiyo finyu, kampuni haikumdanganya mama iliposema muamala haurudi. Lakini haikumwambia jambo la pili, kwamba bitcoin kutorudi hakuizuii kampuni kumlipa mama kutoka mfukoni mwake. Ugomvi wote wa sheria za majimbo umekaa hapo.

Serikali kuu ya Washington imefanya kazi nusu. Tangu Machi 2013, FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha inayopambana na fedha haramu, ilieleza kwamba anayebadilisha fedha kuwa sarafu za kidijitali kama biashara ni mtoa huduma za fedha, hivyo lazima ajisajili kwake, awe na utaratibu wa kuzuia utakatishaji, na atoe taarifa za miamala ya kutia shaka. Agosti 2025 FinCEN ilitoa ilani maalumu kuhusu mashine hizi, ikizitajia taasisi za fedha dalili za kuangalia. Yote hayo ni kwa ajili ya kuwasaka wahalifu. Hakuna kifungu ndani yake kinachosema mama arudishiwe. Sheria ya serikali kuu inayomlinda mwenye akaunti ya benki humlinda pale mtu mwingine anapochukua pesa bila idhini yake. Mama alitoa noti kwa mkono wake, akaziingiza kwenye mashine kwa mkono wake. Alidanganywa, lakini kwa jicho la sheria hiyo aliidhinisha. Bima ya serikali ya amana za benki nayo haihusiki kabisa, maana haigusi sarafu za kidijitali. Seneta Dick Durbin wa Illinois aliwasilisha mswada wa kuzuia utapeli kwenye mashine hizi mwanzoni mwa 2025, lakini anayesubiri Bunge la Washington atasubiri sana. Kwa hiyo majimbo yameingia yenyewe, kwa kuwa leseni za kutuma fedha ni kazi yao tangu zamani.

California ilikuwa mstari wa mbele. Sheria iliyosainiwa Oktoba 2023 iliweka kikomo kuanzia Januari 1, 2024: mwendeshaji wa mashine asipokee zaidi ya dola 1,000 kwa siku kutoka kwa mteja mmoja. Mwaka uliofuata, Januari 1, 2025, ikaanza ya pili: ada isizidi dola 5 au asilimia 15 ya thamani ya muamala, ipi ni kubwa. Vermont mwaka 2024 ilikwenda mbali zaidi kwa kuzuia kwa muda mashine mpya kusimikwa jimboni. Nebraska na Arizona, zote mwaka 2025, zilichukua njia ya kuwagawa wateja: mteja mpya dola 2,000 kwa siku, mteja wa siku nyingi dola 10,500.

Kikomo cha siku kinaonekana jambo dogo, lakini kipimeni kwa kisa cha mama. Aliweka dola 8,500 kwa siku mbili. Chini ya sheria ya California ingembidi aende kwenye mashine za kampuni hiyo siku tisa. Nebraska au Arizona, kama mteja mpya, siku tano. Hawa matapeli hufanya kazi kwa kumshika mtu pumzi. Humng'ang'ania kwenye simu kwa saa kadhaa asipate nafasi ya kuwaza wala kuongea na mwanawe. Hofu hiyo ni vigumu kuidumisha siku tisa. Katikati ya siku hizo mtu hulala, huamka, hula na familia, mjukuu huuliza bibi mbona umenuna. Kwa maoni yangu hicho ndicho kinga bora kuliko maandishi yoyote ya onyo. Udhaifu wake ni kwamba kikomo hufungwa kwa kampuni moja. Tapeli mjanja humpeleka mzee mashine ya kampuni nyingine mtaa wa pili, na kila kampuni ikahesabu upya kutoka sifuri.

Tukija kwenye kurudishiwa, jimbo la kutazama ni Minnesota. Sheria yake iliyoanza Agosti 1, 2024 ilisema kwamba mteja mpya, yaani ambaye hazijapita saa 72 tangu awe mteja wa kampuni, akilaghaiwa na akawasiliana na kampuni pamoja na polisi au chombo cha serikali ndani ya siku 14 tangu muamala wa mwisho, arudishiwe zote. Arizona iliweka haki kama hiyo kwa mteja mpya na kumpa siku 30. Mteja wa siku nyingi hurudishiwa ada tu. Huenda yule ndugu wa mama wa kanisani anaishi katika jimbo la namna hii. Mama yako, ikiwa hii ndiyo mara yake ya kwanza kugusa mashine hizi, ni mteja mpya kwa tafsiri ya sheria karibu zote, na miamala yake ya siku mbili inaingia hata katika zile saa 72 za Minnesota.

Kwa nini nasema kurudisha pesa ndiyo sehemu nzito kuliko zote? Kwa sababu ya ada. Mashine nyingi hazitozi ada kwa uwazi. Huiuza bitcoin kwa bei iliyopandishwa kuliko bei ya soko, na mteja asiyejua bei ya soko haoni kitu. Septemba 2025, Mwanasheria Mkuu wa Washington, D.C., Brian Schwalb, aliishtaki kampuni ya Athena Bitcoin. Katika madai yake alisema ada ilifika hadi asilimia 26, na kwamba asilimia 93 ya pesa zilizowekwa kwenye mashine za kampuni hiyo mjini humo katika miezi mitano ya kwanza tangu ianze kazi huko zilitokana na utapeli. Hayo ni madai, mahakama ndiyo itakayopima. Lakini chukua kalamu upige hesabu: asilimia 26 ya dola 8,500 ni dola 2,210. Tapeli akiondoka na dola 6,290, hizo 2,210 zinabaki kwa mwenye mashine. Kampuni inayopata fungu kama hilo katika kila wizi haina haraka ya kuuzuia. Ila siku sheria inapoiambia kwamba wizi ukithibitika italipa yenyewe zote 8,500, utashangaa jinsi inavyopata ghafla uwezo wa kumpigia mzee simu kabla muamala haujakwenda, na wa kuzuia anwani zilizokwisha kutajwa kwenye malalamiko. Uwezo huo wa kiteknolojia upo. Daftari la miamala ya bitcoin liko wazi kwa kila mtu, na programu za kuchunguza anwani zimekuwepo kwa miaka mingi. Arizona imeamua kuwalazimisha waendeshaji wazitumie.

Nisiipite hii ya maonyo ya kwenye skrini, kwa sababu ndiyo kampuni hujitetea nayo, na nina hakika kampuni ya mama itaitaja. Mashine nyingi huandika: jihadhari na utapeli, usitume pesa kwa mtu usiyemjua, thibitisha kwamba pochi hii (yaani anwani inayopokea bitcoin) ni yako. Mteja anabonyeza ndiyo. Maonyo si mabaya, na majimbo yamefanya vema kuyadai. Lakini fikiria hali ya mama saa ile. Sikioni ana sauti inayomwambia kwamba onyo litatokea, ni utaratibu wa kawaida, bonyeza ndiyo. Kiingereza cha kwenye skrini pengine anakisoma kwa taabu. Ameambiwa pochi ni yake, naye anaamini ni yake. Kwa hiyo akibonyeza ndiyo anasema kile anachoamini kwa dhati. Kisha kubonyeza huko hugeuzwa kuwa hoja dhidi yake. Iowa kulikuwa na kesi ambapo polisi waliwahi kufungua mashine kwa hati ya mahakama na kuzikamata noti zilezile walizoingiza wahanga. Mahakama ya Juu ya jimbo hatimaye ikaona kwamba mwenye haki na noti hizo ni kampuni ya mashine. Pesa zilikuwa zimeshikwa mkononi, na bado hazikurudi kwa waliolaghaiwa. Ukitaka kujua kwa nini wabunge wanapaswa kuandika haki ya kurudishiwa kwa maneno yasiyo na utata, badala ya kuwaachia majaji watafute njia ndani ya sheria za mikataba, kesi hiyo inatosha. Iowa yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2025, baada ya Mwanasheria Mkuu wake, Brenna Bird, kuwashtaki waendeshaji wawili wakubwa, Bitcoin Depot na CoinFlip.

Sasa kama jimbo lenu halina sheria ya kurudisha pesa, mfanye nini? Msikate tamaa mapema. Kwanza angalieni kama kampuni ina leseni. Kuna tovuti ya umma iitwayo NMLS Consumer Access, bure kabisa, ambako leseni za kampuni za kutuma fedha katika majimbo mengi zimeorodheshwa. Kampuni inayoendesha bila leseni mahali inapotakiwa leseni ina tatizo kubwa kuliko mama, na itapenda kulimaliza suala lenu kimya kimya. Pili, someni kama jimbo lina kikomo cha siku au cha ada, hata kama halina kifungu cha kurudisha. Ikiwa kampuni ilipokea kwa siku moja kiasi kinachozidi kikomo, imevunja sheria, na hapo ndipo idara ya jimbo inayosimamia taasisi za fedha huingia. Juni 2025, idara hiyo ya California, DFPI, iliitoza kampuni ya Coinme faini ya dola 300,000 kwa kukiuka masharti hayo, ukiwemo ule wa dola 1,000 kwa siku. Ndani ya fedha hizo, dola 51,700 zilikuwa za kumfidia mkazi mmoja mzee aliyetapeliwa. Fidia hiyo ilitokana na hatua ya msimamizi wa serikali mwenye nguvu ya kuinyang'anya kampuni leseni. Ndiyo maana nilisema idara hii ina meno.

Tatu, kila jimbo lina sheria ya jumla dhidi ya biashara ya hila na udanganyifu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo huitumia pale malalamiko yanapolundikana. Lalamiko la mama peke yake linaweza lisijibiwe. Likiwa la hamsini kuhusu kampuni ileile, linakuwa kesi. Na kama kampuni itawaletea karatasi ya kusaini ili iwape sehemu ya ada, msisaini kabla ya kuionyesha kwa wakili wa msaada wa kisheria. Mara nyingi karatasi hiyo humfanya mhanga aachilie madai yake yote mengine kwa malipo kidogo.

Jambo jingine: sheria zinabadilika karibu kila kikao cha mabunge ya majimbo. Kinachohesabika ni sheria iliyokuwa inafanya kazi siku mama alipoweka pesa, katika jimbo ambako mashine imesimama. Mkiishi karibu na mpaka, na kituo cha mafuta kiko upande wa pili, angalieni sheria ya upande huo.

Ukaniuliza kwa nini serikali inaziacha. Swali lako ni la haki, na linaulizwa na watu wenye madaraka pia. FBI ilipokea malalamiko 10,956 yaliyotaja mashine hizi mwaka 2024, hasara ikikaribia dola milioni 247. FTC nayo ilikuta kwamba katika nusu ya kwanza ya 2024 hasara ya kati kwa mtu mmoja ilikuwa dola 10,000, yaani nusu ya wahanga walipoteza kiasi hicho au zaidi, na zaidi ya theluthi mbili ya pesa zilizopotea ziliwatoka watu wa miaka 60 na kuendelea. Hao ni walioripoti tu, na wazee wengi hawaripoti kwa aibu.

Wenye kampuni hujibu kwamba kuna watu halali wanaozitumia: asiye na akaunti ya benki, anayelipwa noti na anataka kununua bitcoin bila kusubiri siku kadhaa. Sikatai kwamba watu hao wapo. Ninachoona kigumu kukubali ni kwamba mtu asiye na benki, ambaye kwa kawaida ana kipato kidogo, anahudumiwa vizuri kwa kutozwa robo ya pesa zake. Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi: ukiziondoa mashine, matapeli watahamia kwenye kadi za zawadi au uhawilishaji wa benki. Ni kweli watajaribu. Lakini kadi za zawadi zina viwango vidogo, na uhawilishaji wa benki una karani anayeuliza na saa chache za kuuzuia. Kumrudisha tapeli kwenye njia ngumu zaidi ni faida, hata kama hakumkomeshi.

Nchi nyingine zimekata shauri. Uingereza ilizitaka kampuni zifunge mashine zake mwaka 2022, kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa imesajiliwa kuziendesha. New Zealand ilitangaza Julai 2025 kwamba itazipiga marufuku. Australia iliziacha lakini ikaweka kikomo cha dola 5,000 za huko kwa muamala. Ndani ya Marekani yenyewe, baraza la jiji la Spokane katika jimbo la Washington lilizipiga marufuku Juni 2025, baada ya polisi wa jiji kuchoka kufuata pesa zilizokwisha kuvuka bahari. Mimi nazikubali zibaki, kwa masharti matatu yote kwa pamoja: kikomo kidogo kwa mteja mpya, ada ya wazi yenye ukomo, na kampuni kulipa pale mteja mpya anapolaghaiwa. Jimbo lisiloweza kupitisha yote matatu, bora lizifunge. Sheria yenye onyo peke yake huwalinda wenye mashine kuliko inavyowalinda wazee, kwa sababu huwapa maneno ya kusema mahakamani.

Na mwenye duka au kituo cha mafuta naye asiachwe kando. Yeye hulipwa kodi ya ile nafasi ya mashine. Mfanyakazi wake akiona mzee amesimama mbele ya mashine saa nzima, simu sikioni, bahasha ya noti mkononi, anatosha kumwuliza: mama, nani amekuambia uje hapa? Zipo habari nyingi za wafanyakazi wa namna hiyo waliookoa akiba ya mtu kwa swali hilo moja. Ukipata nguvu, rudi pale kituoni uongee na meneja kwa utulivu. Mwombe pia akutunzie picha za kamera za siku zile mbili kabla hazijafutwa. Zitaonyesha mama akiwa kwenye simu muda wote, na huo ni ushahidi mzuri kwamba alikuwa anaelekezwa.

Nikirudi kwa mama mwenyewe. Mtu aliyefanyiwa hivi hujiona mjinga, hukosa usingizi, na hofu yake kubwa ni kwamba watoto watamnyang'anya uamuzi wa pesa zake. Usimpe sababu ya kuficha mara ya pili. Mwambieni kwamba waliompigia ni wahalifu wenye ujuzi, wanaowapata hata wasomi, kisha mkae naye aandike kwa maneno yake jinsi ilivyokuwa, saa kwa saa, wakati bado anakumbuka. Maelezo hayo mtayatumia polisi, kwa kampuni na kwa idara ya jimbo. Nendeni naye benki, akitaka yeye, aongeze jina lako kama mtu wa kupigiwa simu pakitokea utoaji mkubwa wa fedha, bila kukupa mamlaka juu ya akaunti. Badilisheni maneno ya siri na mwulize kama aliwahi kumruhusu yule mtu aingie kwenye kompyuta au simu yake kwa programu ya mbali. Kama ndiyo, kifaa hicho kisafishwe kabla hajakitumia tena kwa mambo ya benki.

Niandikie jina la jimbo na tarehe ya muamala wa mwisho, usiniandikie namba za akaunti wala jina la mama. Nitakueleza kifungu gani mkitaje kwenye barua ya kampuni. Lakini barua ya kwanza msinisubiri mimi, ipelekeni leo.